Msiwaachie mapema: barua ya wazi kwa wazazi wa vijana wenye kisukari aina ya kwanza

Ndugu wazazi na walezi,

Majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza yakishatoka, kliniki yetu hubadilika. Akina mama wanakuja na fomu za shule mkononi. Wanaomba barua ya daktari ya kumpelekea mkuu wa shule, wanaulizia chupa za insulini zitakazotosha mpaka likizo. Na karibu kila mmoja, ukimwuliza kijana atasimamiwa na nani huko aendako, anajibu kwa fahari: sasa ni mkubwa, anajichoma mwenyewe.

Fahari hiyo naielewa na siibezi. Mtoto aliyeletwa hospitali akiwa hoi, amekauka, hajitambui, leo ana miaka 13. Anavuta dawa kwenye bomba bila kutetemeka, anagonga povu la hewa litoke, anakumbuka kubadilisha mahali pa kuchoma ili ngozi isiote vinundu. Ninyi ndio mliomfikisha hapo. Ninachowasihi ni kwamba msiishie hapo. Kujichoma ni kazi ya mkono, na hata mkono wa mtoto wa miaka 10 unaiweza. Kuishi na ugonjwa huu ni kazi ya kuamua, mara nyingi kwa siku, bila likizo: siku ya mtihani, siku ya msiba, siku ya mechi, siku aliyogombana na rafiki yake na hataki kumwona mtu. Kazi hiyo kijana wa miaka 14 haimudu peke yake, hata akiwa wa kwanza darasani. Na katika umri huohuo ndipo wazazi wengi wanapoondoka.

Tuanze na mwili wenyewe, maana lawama nyingi nyumbani zinatokana na kutoujua. Mwili unaobalehe unatoa kwa wingi homoni za ukuaji na za ujana, na homoni hizo zinaipunguzia insulini nguvu. Mtoto ambaye kabla ya kubalehe alihitaji kati ya yuniti 0.7 na 1 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, akishabalehe anaweza kuhitaji zaidi ya 1.2, na wengine hukaribia 2. Maana yake ni kwamba kijana wa kilo 45 aliyekuwa anatumia yuniti 36 kwa siku anaweza kuhitaji 60 au zaidi, hali sahani yake ya ugali haijaongezeka. Wasichana wengi sukari yao hupanda siku chache kabla ya hedhi. Kuna pia ile sukari ya asubuhi, inayopanda alfajiri mtoto akiwa amelala, kwa sababu ya homoni zinazotoka saa hizo. Kwa hiyo mama anayeona mashine inasoma 16 saa kumi na mbili asubuhi, akahitimisha kwamba kuna mtu aliamka usiku akala maandazi, anaweza kuwa anamwadhibu mtoto kwa jambo ambalo hakulitenda. Kinachotakiwa ni kuja kliniki tuangalie dozi upya, tena mapema, bila kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Msidhani ni watoto wetu tu. Kuanzia mwaka 1983 hadi 1993 ulifanyika Marekani na Kanada utafiti mkubwa wa watu 1,441 wenye kisukari aina ya kwanza, 195 kati yao wakiwa vijana wa miaka 13 hadi 17. Walikuwa na wataalamu, walikuwa na dawa, walikuwa na stripu za kupimia. Hata hivyo, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu cha vijana kilibaki juu kuliko cha watu wazima waliotibiwa kwa mpango uleule, kwa karibu asilimia moja nzima. Ujana ni mgumu hata penye kila kitu. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba, kwa wale ambao macho yao yalikuwa bado mazima, waliodhibiti sukari kwa ukaribu walipunguza hatari ya macho kuanza kuharibika kwa asilimia 76. Walipofuatiliwa baadaye, faida ya miaka ile ya mwanzo iliendelea kuwalinda hata pale sukari zao zilipokuja kulingana na za wenzao. Miaka ambayo kijana anaona haina maana ndiyo ambayo figo na macho yake yanaikumbuka.

Sasa niwazungumzie daftari, jambo linaloniumiza zaidi katika kazi hii.

Kila mmoja wenu ana lile daftari lenye safu za asubuhi, mchana, jioni na usiku. Ukikaa kliniki muda mrefu unajifunza kulitambua daftari la uongo kabla hujalisoma. Namba za mwezi mzima zimeandikwa kwa kalamu moja, kwa mwandiko uleule uliotulia: 6.2, 7.1, 5.8, 6.9. Kurasa ni safi, hazina hata doa la damu pembeni, wala namba iliyokatwa ikaandikwa upya. Kisha majibu ya sukari ya miezi mitatu yanarudi yakisema asilimia 12, wakati tunayoitafuta ni chini ya 7. Hapo mama anageuka kwenye kiti na kuanza: umeniaibisha, nateseka kwa ajili yako, hizi stripu unadhani zinaokotwa? Kijana anaangalia sakafu. Mwezi unaofuata anarudi na daftari lingine, safari hii na kalamu mbili za rangi tofauti.

Wazazi wenzangu, kijana huyo haandiki uongo kwa kuwa ameharibika tabia. Anaandika uongo kwa sababu namba ya kweli inamfungulia kesi nyumbani. Akisema 18, chakula cha jioni kinageuka mahojiano: umekula nini, na nani, saa ngapi, nani alikupa hela? Akisema 7, anakula kwa amani na kwenda kulala. Mtu mzima yeyote angechagua amani. Wengine hufika mahali wakaacha kabisa kupima, kwa kuwa asiyepima hana cha kuulizwa, na huyo ndiye wa kuhofiwa kuliko anayeandika uongo.

Namba kwenye mashine ni taarifa ya kutusaidia kuamua dozi. Haipimi utii wala shukrani ya mtoto. Kwa hiyo chungeni neno la kwanza linalowatoka mnapoiona. Mimi huwashauri wazazi waanze na maneno haya: "Asante kwa kupima. Tunafanyaje?" Nimeona nyumba zikibadilika kwa maneno hayo tu, kwa sababu yanamwambia kijana kwamba kupima ndiko kulikotakiwa, na amefanya hivyo. Kama kuna soda iliyonywewa, ataitaja mwenyewe akishaona hakuna hukumu inayomngoja. Msitaje namba zake mbele ya wageni. Msimwulize sukari kabla ya kumwuliza habari za shule. Jumapili jioni kaeni naye mfungue kumbukumbu ya mashine, maana mashine nyingi zinahifadhi vipimo vya siku nyingi, mtafute pamoja ni saa gani inapanda na saa gani inashuka. Lengo ni kutafuta mpangilio. Anayemtafuta mkosaji kwenye mashine ile atarudishiwa daftari la kalamu moja.

Kuna wazazi wanaochoka na ugomvi huu wakajitoa kabisa. Ni maisha yake, wanasema, mimi nimeshamwambia. Mzazi anayefoka na mzazi aliyenyamaza wanamwacha kijana palepale, peke yake na bomba. Mwaka 1999, Barbara Anderson na Lori Laffel pamoja na wenzao wa kituo cha Joslin mjini Boston walichapisha kazi waliyoifanya na familia za watoto wa miaka 10 hadi 15. Walizifundisha kugawana kazi za kisukari kati ya mzazi na mtoto, bila kulaumiana kwa sababu ya namba. Ugomvi ulipungua, na wazazi waliendelea kushiriki hata watoto walipoingia ujanani. Mafanikio hayo hayakuhitaji mashine ya gharama. Yalihitaji watu kukaa na kukubaliana nani anafanya nini.

Mkabidhini ugonjwa huu kama mnavyomkabidhi kijana shamba: mwaka wa kwanza robo eka, nanyi mkilima jirani yake. Apime na achome mwenyewe, lakini dozi ya jioni mtu mzima aione kwa macho, hata akiwa na miaka 16. Si kumchunguza, mpitie tu chumbani mkipiga stori. Kuhesabu chupa, stripu na mabomba kubaki kazi yenu, kwa sababu kijana husema dawa imeisha siku ambayo imeisha kweli. Kama fedha ni tatizo, semeni kliniki kabla hamjaanza kupunguza yuniti ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Mpango wa Changing Diabetes in Children, ulioanza mwaka 2009, umekuwa ukisaidia watoto nchini, na Chama cha Kisukari Tanzania kinajua njia nyingine. Hakuna muuguzi mwenye akili timamu atakayewacheka kwa kukosa fedha.

Siku akiugua, rudisheni shamba lote mikononi mwenu. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa kuwa hapa ndipo watoto wanapokufa. Mtoto ana homa, anatapika, hajala tangu asubuhi, na mtu mwenye nia njema anasema: asichome basi, kwa kuwa hajala. Hapana. Mwili unaougua unahitaji insulini hata bila chakula, mara nyingi zaidi ya siku za kawaida. Dozi inaweza kubadilishwa kwa ushauri wa kliniki, lakini insulini haisimamishwi kabisa. Apimwe kila baada ya saa tatu au nne, usiku pia, na anywe maji mengi. Akiendelea kutapika, tumbo likimuuma, akahema kwa nguvu na kwa kina, mdomo ukatoa harufu kama ya matunda yaliyoiva sana, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Na mkifika mlangoni semeni kabla hamjaulizwa: huyu ana kisukari aina ya kwanza, mpimeni sukari na ketoni. Hali hii imewahi kudhaniwa malaria, imedhaniwa nimonia, na mitaani imeitwa kurogwa.

Kuhusu kurogwa, na kuhusu maombi, sitasema mengi. Mwombeeni mtoto, nami namwombea. Lakini yeyote atakayewaambia mtoto amepona, aache insulini, awe amevaa kanzu, joho au hirizi, msimpe nafasi ya kurudi nyumbani kwenu. Kongosho la mtoto huyu halitoi insulini ya kumtosha kuishi, na hakuna mti wala mafuta yanayofanya kazi hiyo badala yake. Na kwa familia za Kiislamu, kijana akishabalehe atataka kufunga Ramadhani pamoja na wenzake, na hamu hiyo ni njema. Dini imempa mgonjwa ruhusa. Njooni mwezi mmoja au miwili kabla, tuangalie kama anaweza na kwa dozi ipi, na akubali mbele yenu kwamba sukari ikishuka chini ya 4 atafungua palepale, hata kama adhana ya magharibi imebaki dakika kumi.

Turudi kwenye safari ya shule, hasa shule ya bweni. Kwa maoni yangu, kama kuna shule ya kutwa yenye heshima karibu na nyumbani, kijana mwenye kisukari aanzie huko miaka miwili ya kwanza. Najua wengi hamna uchaguzi, na najua bweni lina maana gani kwa mzazi anayetaka mtoto afike mbali. Basi mnapompeleka, msiishie getini. Mtafuteni matroni au patroni, mwalimu wa zamu, na marafiki wawili wa bweni lake. Hao wote wajue dalili za sukari kushuka: jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, hasira isiyo na sababu, maneno yasiyoeleweka. Wajue kwamba kijana apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15, na apewe tena kama sukari yake bado iko chini ya 4. Akizimia asimiminiwe kinywaji chochote mdomoni, maana kitaingia kwenye mapafu. Alazwe ubavu, apakwe asali au sukari iliyoloweshwa ndani ya shavu, na gari liitwe.

Insulini ikae kwenye jokofu la matroni, mbali na sehemu inayogandisha. Ikiwa shule haina jokofu, chungu kilichozungukwa na mchanga uliolowa, kikiwekwa kivulini, kinaipunguzia joto vizuri. Chupa iliyofunguliwa isipite wiki nne. Barua ya hospitali iwepo kwa mkuu wa shule na nakala iwe ndani ya tranka, kwa sababu siku ya ukaguzi mabomba ya sindano bila barua yanaonekana ni ya dawa za kulevya, na sikumbuki aibu nzito kuliko hiyo kwa mtoto mgeni. Ulizeni chakula cha jioni kinatoka saa ngapi hasa. Anayetumia insulini ya mchanganyiko mara mbili kwa siku hawezi kuchoma saa kumi na mbili kisha akangoja wali mpaka saa mbili. Kama anacheza mpira, ale kitu kabla, na wenzake wajue kwamba sukari inaweza kushuka usiku akiwa amelala, saa nyingi baada ya mechi.

Yote haya hayawezekani kama ugonjwa ni siri, na siri ndiyo sheria katika nyumba nyingi, hasa kwa mabinti. Shangazi asijue. Majirani wasijue. Nani atamwoa? Mama mwenzangu, binti mwenye kisukari anaolewa na anazaa. Anahitaji kupanga ujauzito na daktari wake kabla haujaingia, sukari ikiwa imetulia. Lakini binti aliyefundishwa kwamba ugonjwa wake ni aibu atajificha chooni kuchoma, kisha ataruka dozi akiwa mbele za watu, na akiishiwa nguvu katikati ya marafiki hakuna atakayejua la kufanya.

Tena kuna jambo ambalo mabinti wetu hawalisemi. Insulini ikianza kufanya kazi vizuri, mwili hurudisha uzito uliopotea. Ndugu wanakuja na maneno yao: siku hizi umenenepa. Binti anagundua kwamba akiruka dozi anapungua, haraka kuliko kwa mazoezi yoyote. Anaendelea. Sukari inapanda, anakojoa usiku kucha, na nguo zinamlegea. Mkiona anapungua huku anakunywa maji sana, msimsifu kwa umbo. Mleteni, na msimfokee njiani.

Akina baba, naandika aya hii kwa ajili yenu. Kwenye viti vya kliniki naona mama, bibi, shangazi, dada mkubwa. Ninyi mnatuma nauli, na Mungu awabariki kwa nauli. Lakini binadamu wa kwanza kutibiwa kwa insulini alikuwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, katika hospitali moja ya Toronto mwezi Januari 1922, na baba yake ndiye aliyekubali ajaribiwe dawa ambayo hakuna mgonjwa wa kisukari aliyekuwa ameitumia. Sindano ya kwanza haikumsaidia. Dawa ilisafishwa zaidi, akachomwa tena siku kumi na mbili baadaye, na akaishi miaka 13 mingine. Kijana wa kiume anayeona baba yake hajui hata dozi yake ni ngapi anajifunza kwamba ugonjwa huu ni mambo ya wanawake, na wanaume huyapuuza. Na mambo mengine ni magumu kwa mama kuyasema. Mwambieni ninyi kwamba pombe inalizuia ini lisitoe sukari ya akiba, kwamba anaweza kulala amelewa na asiamke, na marafiki wakadhani anakoroma tu. Akiyasikia kwenu atayasikia vizuri zaidi kuliko kwangu.

Waliopangiwa shule za mbali naomba mje kabla ya Krismasi, tuwe na muda wa kupanga dozi na kuijaribu nyumbani kabla ya safari. Njooni na mashine yenyewe. Daftari mnaweza kuliacha. Baba aje, au kaka mkubwa kama baba hayupo. Tukiwaomba mtupishe robo saa tuzungumze na kijana peke yake, msione vibaya. Hatutawaficha jambo linalohatarisha maisha yake, na mengi anayotuambia humo ndani ni maswali aliyoogopa kuwauliza ninyi. Na mkuu wa shule akisema hawezi kumpokea mtoto wa namna hii, msigombane naye. Chukueni namba yake ya simu mtuletee, tutampigia sisi.

Wenu,
Muuguzi wa kliniki ya kisukari ya watoto na vijana,
Dar es Salaam